Nimeitwa masta ya nano kwenye dawa, nikitoka hapo naajiriwa wapi? Naombeni ushauri

mtoto_wa_feri

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Naomba msinitupie mawe nimeandika ndefu kidogo.

Mimi ni binti wa miaka 26, nimesoma famasia hapa Dar na intanishipu nshamaliza. Sasa hivi nina vitu viwili mkononi na akili imegoma kuchagua. Cha kwanza ni kazi ya rep wa dawa, kampuni inaleta antibayotiki na dawa za presha, mshahara laki tisa na hela ya mafuta, na nikifikisha tageti miezi sita mfululizo napewa kigari. Cha pili nimepata nafasi ya masta kwenye kikundi cha utafiti wanaotengeneza nanopatiko, yaani chembe ndogo mno, za kubebea dawa mwilini, ada inalipwa na kuna posho, ila hiyo posho ukitoa chakula na nauli unabaki na vocha.

Mzee wangu nyumbani kauliza swali moja tu, "ukimaliza hiyo nano unaajiriwa wapi," nikakosa jibu kabisa, nikajifanya naitwa jikoni. Mama yeye ana ugomvi wake na hii fani, sio wa ajira, nitawaeleza.

Ilivyoanza ni hivi, mwaka wa nne supavaiza akanipa projekti ya kitosani. Kwa wasioijua ni polima inayotoka kwenye maganda ya kamba na kaa. Ya kopo ni bei mbaya nikasema mbona soko la samaki Feri pale maganda yanatupwa tu, basi saa kumi na mbili asubuhi nipo Feri na mfuko wa salfeti, wauza kamba wananicheka wakanibatiza "dada wa maganda". Nikayaosha nikayaanika kibarazani kwetu. Jua la Dar mnalijua. Kesho yake mtaa mzima wanajua nasoma nini, mama karudi jioni kakuta paka kumi na moja (nimewahesabu) wamekaa mstari kama wanasubiri daladala. Ndio ugomvi wenyewe.

Nikatoa chokaa kwa asidi, nikatoa protini kwa kostiki soda, nikachemsha tena kwenye kostiki nzito zaidi mpaka nikapata unga wa rangi ya krimu. Ukiuweka kwenye asidi dhaifu kama ya siki na kuuacha unazungushwa usiku kucha unakuwa kama uji mwepesi. Halafu unadondoshea TPP, chumvi ya fosfeti inayoifunga kitosani iwe chembe, tone moja moja, sumaku inazunguka chini ya bika. Tone la kwanza hamna kitu. La kumi hamna kitu. Mahali fulani hapo katikati maji yanageuka, sio meupe, yanakuwa na ubuluu fulani kama maji uliyosuuzia kikombe cha maziwa ukiyaangalia kwa dirishani. Ule ubuluu ni mwanga unatawanywa na chembe ambazo darubini ya kawaida ya maabara haizioni. Nilipiga ukelele watu wote wakageuka. Nadhani ndio siku niliyopotea.

Chuoni hatukuwa na mashine ya kupima saizi ya chembe, nikafunga sampo kwenye kichupa nikatuma kwa basi mkoa mwingine. Wakanipigia, "dada hapa umetuletea tope," chembe zimegandana zimelala chini. Nikatuma tena, tope. Ya tatu nikapanda basi mwenyewe nimeipakata kwenye kibegi cha barafu kama mtoto mchanga, konda ananiangalia vibaya. Mashine ikasoma nanomita 210, yaani chembe hazijagandana (nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni). Nililia mbele ya fundi wa watu.

Sasa nauliza, kuna mtu humu ameishi hii fani? Inalipa au ni mapenzi tu ya ujanani, na nikimaliza nijibu nini pale nyumbani?

---

jiwe_la_moto

Dada wa maganda chukua gari. Masta ipo tu haikimbii, gari ndio linakimbia.

---

mswahili_wa_baridi

Mdogo wangu karibu kwenye msoto. Mimi niko Ujerumani mwaka wa tatu wa PhD, nano na dawa ya TB, kwa hiyo nakujibu kutoka jikoni sio sebuleni.

Kwanza ile picha ya kwenye vipeperushi, kijipira cha rangi kinaenda chenyewe mpaka kwenye seli mbovu kinabisha hodi, itoe kichwani. Kazi yenyewe ni kupima. Kutengeneza chembe ni nusu saa, kujua umetengeneza nini ni wiki tatu. Unapima saizi, unapima kama zinalingana au kuna mabonge, unapima chaji iliyoko juu yake, dawa kiasi gani imeingia, inatoka kwa kasi gani, ikikaa mwezi kwenye friji inakuwaje. Halafu unarudia yote mara tatu na ile ya tatu ndio inakataa.

Nilianza na rifampisini ndani ya PLGA, hiyo ni polima ya jamii ileile ya nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Rifampisini mnaijua wote hata kama jina hamlijui, ni ile inayofanya mkojo wa mgonjwa wa TB uwe wa rangi ya chungwa. Uzuri wake haidanganyi. Ukishatengeneza unaweka kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, chembe zinakaa chini, sasa ukitoa mrija ukakuta maji ya juu ni mekundu ujue dawa imebaki nje, umefunga sanduku tupu. Miezi mitano mimi naangalia maji mekundu. Glavu nyekundu, koti jekundu, simu yangu ina doa mpaka leo. Kila asubuhi natoa mrija nimefumba jicho moja. Kumbe nilikuwa naweka maji mengi mno nje, dawa ikawa inaponyokea huko kabla polima haijakaza. Nikapunguza, maji yakaanza kupauka kidogo kidogo, siku yalipotoka karibu meupe nilienda kununua kuku mzima nikala peke yangu.

Nakwambia hivi ili ujipime, ile furaha ya ubuluu uliyoisema utaipata labda mara nne kwa mwaka. Siku nyingine zote ni maji mekundu. Kama unaweza kuishi na hiyo, twende.

Na usifikiri unaenda porini peke yako. Prof. Hulda Swai, Mtanzania mwenzetu, alifanya kazi hii kwenye taasisi ya utafiti ya CSIR kule Pretoria miaka mingi, kuweka dawa za TB kwenye nanopatiko ili mgonjwa apumzike kumeza kila siku, baadae akaja chuo cha Nelson Mandela pale Arusha. Hapohapo Arusha Dk. Askwar Hilonga alichukua nano akaipeleka kwenye chujio la maji, 2015 akapata ile Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, yeye ndio mshindi wa kwanza kabisa. Ona mmoja kaenda kwenye dawa mwingine kaenda kwenye ndoo ya maji, na elimu ya chini ni ileile. Kwa mbele huko PhD, wewe ni binti angalia OWSD hao wanasomesha wanawake wa sayansi wa nchi zetu, na kuna DAAD, wafadhili wa masomo wa Ujerumani, mimi ndio walionileta. Barua za kuomba maprofesa niliandika 40 na kitu, waliojibu sita, aliyenichukua mmoja.

---

mzee_wa_tembe

Samahani naomba niwe mchawi wa huu uzi.

Niko kiwanda cha dawa miaka 19, zaidi ya nusu nimekaa ubora na upimaji. Binti, mwaka 2016 watu wa maabara ya Warren Chan pale Toronto walikusanya tafiti za miaka kumi za nanopatiko za kansa kwa panya, wakapiga hesabu kati ya dozi iliyochomwa ni kiasi gani kinafika kwenye uvimbe wenyewe. Ile ya katikati ilikuwa asilimia 0.7. Sio saba, sifuri nukta saba. Yaani umetoa mabasi 1000 Dar kwenda Mwanza, yamefika 7, mengine mengi yamepaki kwenye ini. Na hii ni fani ambayo dawa yake ya kwanza, Doxil, ilipitishwa Marekani 1995. Pepa ni nyingi mno, dawa zilizofika dukani unaweza kuzitaja ukiwa unakunywa chai.

Hapa kwetu sasa. Kiwandani kwangu tunapiga parasetamo, tunapiga dawa za minyoo, sharubati ya kikohozi. Mitambo ya kutengeneza liposomu, vile vipira vya mafuta vya kubebea dawa, kwa sindano safi hatuna na bosi hana mpango nayo. Hata wakubwa wanasitasita, Moderna walitangaza kiwanda cha chanjo Kenya, Aprili 2024 wakasimamisha. BioNTech wao Kigali walizindua jengo lao Desemba 2023, heri yao, ila pale hawatachukua kila mwenye masta ya Afrika Mashariki.

Mimi nikikuhoji kazi sikuulizi nano. Nakuuliza HPLC, ile mashine ya kupima dawa kiasi gani imo, umeiendesha kwa mikono yako au ulikuwa unapeleka sampo unaletewa majibu? Kolamu, ule mrija wake wa kutenganishia, ikiziba unafanya nini? Njia ya upimaji unaivalideti vipi? Umewahi kukaa na dawa miezi sita kwenye chumba cha nyuzi 40 na unyevu 75, ukaitoa ukaipima ukaandika ripoti ambayo TMDA, mamlaka ya dawa, wakiisoma hawakurudishii? Mwenye majibu ya hayo namchukua hata kama alisomea kitosani, alisomea ugali, simuulizi.

---

asha_biokemia

Mzee wa tembe unakatisha tamaa watoto wa watu jamani. Mmesahau chanjo za korona za Pfizer na Moderna ni nano? Katalin Karikó, mwanasayansi ambaye kazi yake ndio iliyowezesha chanjo hizo, alishushwa cheo 1995 hela za utafiti hapati, 2023 kachukua Nobeli. Mdogo wangu kaza!

---

mzee_wa_tembe

Asha nakubali kukaza, ila tusichanganye mafaili. Nobeli ya Karikó na mwenzake Drew Weissman ni ya kurekebisha herufi za mRNA, ule ujumbe wa kijeni ulio ndani ya chanjo, ili kinga ya mwili isiishambulie. Tone la mafuta linaloibeba hiyo mRNA ndio nano, na hilo walilihangaikia watu wengine miaka mingi, akina Pieter Cullis kule Vancouver, kabla ya chanjo lilishaingia sokoni 2018 kwenye Onpattro, dawa ya ugonjwa wa kurithi wa neva. Na mnakumbuka ile ya Pfizer ilivyotusumbua na friji za nyuzi 70 chini ya sifuri. Hapo ndio nano inapokutana na barabara zetu.

---

nesi_wa_baringo

Habari zenu ndugu. Mimi ni nesi huku Baringo Kenya, mambo ya panya wa Toronto siyajui lakini hii nano yenu naijua kwa mikono, acheni niwaambie.

Huku tuna kala-azar. Kuna kainzi kadogo ka mchanga kanakaa kwa vichuguu na nyufa za ukuta, kanauma mtu usiku, baada ya miezi mtu anaanza homa haiishi, anakonda mikono miguu lakini tumbo inafura juu ya bandama. Ukikaa bila dawa karibu wote wanakufa. Dawa yetu ya kawaida ni sindano mbili kila siku, siku 17, na ile moja inachoma sana, watoto wakiona tu hiyo trei wanaanza kulia kabla sijavaa glavu. Sasa hiyo dawa mama mjamzito hatumpi. Yeye anapata AmBisome, na nilipoenda mafunzo ndio nikaambiwa hii ni amfoterisini imefungwa ndani ya vipira vya mafuta vidogo chini ya nanomita 100.

Inakuja unga wa njano kwa chupa, miligramu 50. Unaweka maji ya sindano mililita 12, unatikisa kwa nguvu, si kutikisa kama chai, kwa nguvu nusu dakika mpaka unga wote uishe, unapitisha kwa kichujio chake, unatia kwa dripu ya sukari, dekstrosi asilimia 5. Salini, ile dripu ya maji ya chumvi, usiguse kabisa, ikikutana na salini inaharibika. Nilikuwa na student mmoja alishika chupa ya salini nikamrukia kama nimeona nyoka.

Mwaka fulani tuliletewa mama wa miezi sita kwa pikipiki, amefungwa katikati ya dereva na bwana yake na leso ndio asianguke. Alikuwa na matumbo mawili, moja la mtoto moja la bandama, imefika kitovu, ukiweka mkono unaisikia kingo yake kama sahani. Tukamtundikia hiyo dripu ya njano. Siku ya nne au ya tano hivi homa ikashuka akaitisha chakula, akasema anataka maziwa mala na ugali. Mtoto alizaliwa, sasa anaenda shule.

Mimi nilikuwa nimefanya kazi hospitali ingine mbeleni na ile amfoterisini ya zamani isiyofungwa, tunawapa watu wa HIV wenye homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Hiyo mgonjwa anatetemeka kitanda inapiga kelele, figo zinaanza kuharibika, unakimbizana na potasiamu kila asubuhi. Dawa ni ileile. Tofauti ni hako kapira ka mafuta. Kwa hivyo mtu akiniambia nano ni hadithi namwambia kuja ward.

Lakini msinifurahie sana. Sanduku imeandikwa isizidi nyuzi 25. Huku saa nane mchana hiyo 25 tunaisikia tu kwa redio. Friji ikizima mimi ndio nalala ofisini na ice pack. Wewe msichana ukienda kusoma, niundie yenye inaweza kukaa kwa kabati yangu.

---

mswahili_wa_baridi

Nesi asante sana, yaani umetoa jibu ambalo mimi nilichukua mwaka mzima kulielewa, acha nilifungue kidogo mdogo wetu alione.

Mzee wa tembe kasema mabasi yanapaki kwenye ini. Ni kweli kabisa. Chembe ikiingia kwenye damu zile seli walaji za ini na bandama zinaidaka kama zinavyodaka bakteria, ndio kazi zake. Kama unatibu kansa ya ziwa hiyo ni hasara. Sasa jiulizeni kimelea cha kala-azar kinaishi wapi? Ndani ya seli walaji. Za wapi? Za ini, bandama na uboho. Hizohizo. Kwa kansa basi limepotea njia, kwa kala-azar basi limefika stendi, na abiria kashuka mlangoni kwake. Hakuna ujanja wa ziada, hakuna kibandiko cha kutafuta seli, mwili wenyewe ndio unasukuma dawa pale pale ugonjwa ulipo.

Kwa hiyo ukienda kwa supavaiza usimuulize tunatumia polima gani. Muulize ugonjwa gani na unakaa wapi mwilini. Watu wengi (na mimi mwaka wa kwanza nilikuwa hivyo) wanashika kwanza chembe yao nzuri halafu wanazunguka nayo wakitafuta ugonjwa wa kuubandika, na kansa inabandikwa kwa sababu hela za kansa zipo. Bakteria wa TB nao wanajificha kwenye seli walaji, ila za mapafu, ndio maana mimi nimeng'ang'ania huko.

Na hiyo homa ya uti wa mgongo ya fangasi aliyosema nesi, utafiti wa AMBITION ulifanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, wagonjwa zaidi ya 800, matokeo yakatoka 2022. Dripu moja kubwa tu ya hiyo AmBisome siku ya kwanza pamoja na vidonge vya wiki mbili haikuwa nyuma ya ile ya dripu kila siku wiki nzima, na madhara yalipungua. Mwaka huohuo WHO wakabadilisha mwongozo. Hiyo liposomu haikuwa mpya, ilikuwepo tangu miaka ya 90. Upya ulikuwa kuuliza swali la wodini kwetu. Ukitaka kuona nafasi ya mtu wa huku kwenye hii fani, ni hapo.

---

mzee_wa_tembe

Stendi nimeikubali. Bei je? Liposomu ni ghali na huko kala-azar nyingi ni ya msaada. Siku msaada ukikata nesi atatundika nini? Ila hapo sawa, hilo ni swali la mtu wa kutengeneza dawa na ningefurahi kijana wa huku alishike, mimi nishazeeka na parasetamo.

---

fundi_pampu

Mimi sio msomi ni fundi sanifu wa maabara, nitaongea ya kwangu. Dada kabla hujasaini nenda UKAONE. Usiulize kama mashine ipo, kila mtu atakwambia ipo. Uliza mara ya mwisho ilitumika lini na nani, waambie wakuonyeshe daftari la matumizi. Mashine ya kukausha kwa baridi pampu yake inataka oili mpya, ukikuta oili nyeusi kama chai ya rangi ujue hapo watu wanasema tu. Umeme ukikatika saa nane usiku na sampo yako iko ndani wiki nzima nani anawasha jenereta, na dizeli ya nani? Glavu, mirija, kolamu, hela zake ziko kwenye bajeti ya mradi au utaambiwa "tutaona"? Nimeona wanafunzi wanamaliza posho yao kununua mirija. Tutaona sio bajeti.

---

jiwe_la_moto

Mimi bado niko na gari, ila nesi kanigusa.

---

mtoto_wa_feri

Jamani nimesoma yote mara mbili mbili, nesi ule ujumbe wako nilimsomea mama, kafika kwenye "kitanda inapiga kelele" kanyamaza.

Mrejesho. Jumatatu nilienda kule kwenye kikundi bila kupiga simu kama alivyonifundisha fundi pampu. Daftari la mashine ya saizi lipo, mara ya mwisho imetumika Ijumaa iliyopita, nikafurahi. HPLC ipo inafanya kazi na kaka mmoja anaiendesha kakubali kunifundisha mpaka kufungua pampu yake. Mashine ya kukausha nilitaka kuona oili, yule dada akaniuliza wewe umetoka TMDA? Oili ilikuwa ya njano safi. Jenereta lipo, dizeli ni "tutaona".

Halafu nikaingia kwa supavaiza, mama mmoja mkali kidogo lakini anasikiliza. Nikamuuliza ugonjwa gani na unakaa wapi mwilini. Akavua miwani. Akasema andiko la mradi limeandikwa kansa ya matiti maana ndivyo mfadhili alivyotaka, nikamwambia kuhusu ini na stendi (sikumwambia nimetoa wapi), akacheka akasema hiyo 0.7 anaijua vizuri sana inamkosesha usingizi. Akaniambia nafasi ya mwanafunzi mmoja ina uhuru, kama una hoja niletee kurasa mbili kabla ya mwisho wa mwezi, sio tatu, mbili.

Nimeandika TB. Rifampisini, kitosani, na swali la nesi nimeliweka aya ya kwanza kabisa, kwamba unga ukikaa nyuzi 40 na unyevu 75 miezi sita chembe zinarudi kwenye saizi yake ukizichanganya na maji au zinakuwa tope. Tope nalijua kuliko mtu yeyote. Mswahili wa baridi nikikutumia pm utanisomea? Nimefika kurasa mbili na mistari minne, sijui nikate wapi.

Kampuni ya rep nimewaomba wiki mbili wakanipa moja.

---

mswahili_wa_baridi

Tuma. Mistari minne itakatwa kwenye utangulizi, huwa inakatwa huko siku zote. Na andaa glavu za akiba.

---

nesi_wa_baringo

Hiyo aya ya kwanza umenifurahisha sana. Mungu akusaidie.

---

mtoto_wa_feri

Asanteni wote. Imekubaliwa, naanza Oktoba. Rep nimewapigia nimewashukuru, jiwe la moto kama unataka lile gari nafasi iko wazi.

Jana mzee kaniuliza tena, haya sasa ukimaliza unaajiriwa wapi, nikamjibu kwa kujiamini, "HPLC baba." Akafikiria akasema sawa, hiyo kampuni iko Dar au mikoani? Nikamwelewesha kama dakika ishirini. Mama alikuwa anachambua mchele pembeni hajanyanyua kichwa, alisubiri nimalize ndio akasema yeye hana neno na masomo ila safari hii kitosani nitanunua ya kopo.